Neno Nililompa Mama Jepkosgei

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kuingia kwenye mifupa, na mimi najichukia kidogo. Hapana, si kidogo.

Wiki jana nilifundisha Gredi ya Tisa maneno ya Kiingereza ya mwendo wa polepole. Yako mengi, na kwa watoto wa Eldoret, mji wa wanariadha ambao hata mtu anayetumwa maziwa huenda akikimbia, yote ni kitu kimoja: uvivu. Nikaona niwaigizie. Kwa "amble" nilitembea nilivyo, mwalimu wa miaka hamsini na kitambi chake baada ya chakula cha mchana. Wakacheka. Nikapenda kule kuchekwa.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kwa "shuffle" nilitaka waone mtu asiyeinua miguu, anayeiburuta sakafuni. Nikabeba kasha la vitabu kiunoni kama sufuria, nikapinda mgongo, nikavuta viatu: shraa, shraa. Sikutaja jina. Darasa zima liligeuka kutazama jikoni.

Mama Jepkosgei ametupikia miaka kumi na tisa, amesimama kwenye simiti ile ile akisonga ugali wa watu mia tatu. Magoti yake yameishia hapo. Kila asubuhi anatoka mtaa wa Huruma kwa miguu hiyo hiyo, na uji haujawahi kuchelewa.

Leo kwenye foleni ya githeri nimesikia mvulana mmoja akisema, "Shuffle, niongeze maharagwe." Wenzake wakaangua kicheko. Nilikuwa nyuma yao na sahani yangu. Niliendelea kupanga foleni, mimi mtu mzima.

Wakaondoka. Mama Jepkosgei akaniuliza mwenyewe, mwiko mkononi.

"Mwalimu, hawa watoto wananiita Shuffle. Hiyo ni kusema nini?"

"Ni mtu anatembea polepole, Mama. Bila haraka. Kama mtu mkubwa."

"Kumbe. Mimi nilidhani ni matusi."

Akatabasamu. Akanipakulia githeri ya watu wawili, akatafuta na viazi vikubwa chini ya sufuria. Akasema atamwambia mjukuu wake kwamba shuleni wamempa jina la Kiingereza.

Nilikula yote. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi. Mtu mwenye aibu ya kweli angeshindwa kumeza; mimi nilifuta sahani.

Nimeketi hapa najitetea kwamba sikudanganya, kwamba polepole ni polepole. Upuuzi. Maana ya neno naijua vizuri, ndiyo kazi inayonilisha. Watoto nao wanaijua, maana niliwafundisha kwa mwili wa mama wa watu.

Kesho nitafika kabla ya kengele, kabla hajakoleza moto, nimwambie shuffle ni nini na ilitoka wapi. Kisha nitaingia darasani niwaambie watoto mimi ni mtu wa namna gani. Afadhali aumie kwa ukweli kutoka kwangu kuliko amwambie mjukuu, halafu mjukuu, ambaye anasoma Kiingereza, amweleze yeye.

Ila mjukuu anarudi nyumbani saa kumi jioni, na Mama huwa ameshafika. Sasa ni saa kumi na moja.