Tanuri Tuliyoitoa kwa Mzee Asukulu

Mama,

Ile nyumba ya karibu na soko, hapa Baraka, haiko tena yetu. Nilitaka usikie kwangu mwenyewe.

Kontra ya kupanga nyumba iliisha kilio chako bado kibichi. Nilikwenda kwa Mzee Asukulu, mwenye nyumba, kumuomba tuendelee kupika mikate pale. Mutoto wake Mulonda ndiye alijibu: "Kontra ilikuwa ya mama yako. Amekufa, imekwisha. Utatuachia nyumba na tanuri yake." Alitaka kuwauzia mikate watu wako walewale.

Na tanuri yake! Nilikumbuka tukikanyaga udongo wa yale matofali, we umepandisha kikwembe mpaka magoti, unacheka matope puani mwangu. "Kanyaga na nguvu, Apendeki. Si ni we utapika humu nikizeeka?"

Haukuzeeka, Mama.

Nikawapeleka tribinali. Watu pale balinicheka: mwanamuke bila bwana kumushitaki mwenye nyumba! Mwamuzi alisema kontra ikiisha, hakuna wa kumulazimisha Mzee airudilie. Nilijua nimeshindwa. Kisha akauliza, "Na tanuri, nani aliijenga?"

Mulonda alimukazia baba yake macho. Mzee alisimama polepole.

"Mama ya Apendeki ndiye aliijenga. Mi nilikuwa nakaa kwa kiti, namuangalia. Hata tofali moja sikumubebea."

Akakaa, akajifunika uso. Sikujua kama na yeye anakulilia.

Mwamuzi akakata: tanuri ni ya mwenye kuijenga. Basi nyumba tuliiacha, tanuri tukaivunja tuibebe. Bamama ba soko balikuja bila kuitwa, hata yule wa Lweba mwenye kuuza samaki wa ndagala, bakaweka matofali kichwani mpaka kwa parseli, kile kiwanja cha mujomba. Mengine yalivunjika njiani. Moja lilikuwa na alama ya vidole vyako. Nilikaa chini nalo.

Tanuri mupya ni ndogo, moshi unanirudilia machoni. Mukate wa kwanza uliungua. Tuliukula vilevile.

Mujomba alisema sisi ni ndugu, karatasi ya nini. Nilimuomba karatasi ya kusema tanuri ni yetu na tutapikia pale. Alikasirika, hakunisalimia mpaka Yenga, siku ya kanisa, lakini mwishowe aliweka kidole. Jina langu liko pale, na majina ya batoto wangu chini yake.

Pumzika sasa, Mama. Nakuahidi: siku nitakufa, hakuna atakayewaambia batoto wangu kwamba kazi yao imekufa na mi.

Mutoto wako,
Apendeki