Boya la Pili

Mwanza, Kirumba
Jumanne, 22 Julai 2025

Ndugu yangu Maliki,

Nimehesabu tena, kama ninavyofanya kila nikikuandikia: miaka hamsini na moja na miezi sita tangu niondoke Kilindoni kuja kufundisha huku, nikiwaaga kwamba nakuja kwa miaka miwili. Natumai mmeamka salama hapo Kiegeani, wewe na shemeji, na goti lako halijakuzuia kwenda msikitini. Mimi mzima, ila macho ya kusomea yamepungua, na leo nina hasira ambayo daktari amenikataza.

Usinijibu kwa simu. Kwenye simu wewe huitikia "hewala, kaka" kwa kila neno, na nikikata sijui umekubali nini. Andika.

Zuena alinipigia juzi. Siku saba mtoto wa marehemu dada yetu amekaa na jambo hili moyoni kabla ya kunieleza. Ameniambia kwamba katika mashindano ya vidau Ghuba ya Chole, wikiendi ya tarehe 12 na 13, alifika wa kwanza siku zote mbili. Jumapili jioni, watu wakiwa wamekwisha kupiga vigelegele, kamati ikamfuta. Wamesema hakulizunguka boya la pili, kwamba alikata njia. Nafasi ya kuja huku kushindana ziwani mwezi wa tisa akapewa Iddi, mtoto wa Hafidhi.

Maliki, unajua kazi yangu baada ya kustaafu ualimu. Mwaka wa kumi na tisa huu nakaa na saa mbili na daftari kwenye mstari wa kumalizia wa klabu ya ziwa. Huku mtu hafutwi kwa kudhaniwa. Kila boya lina mlinzi wake, na mlinzi ndiye huulizwa kabla ya mwingine yeyote kufungua mdomo. Sasa nakuuliza wewe uliyekuwepo: nani alikaa kwenye boya la pili? Aliulizwa? Alijibu nini?

Nilikuwa nimeanza kumwambia kila mtu hapa kwamba mpwa wangu anakuja. Sijawahi kumwona isipokuwa kwenye picha. Nieleze kilichotokea, na usinifiche kitu.

Kaka yako,
Sabiti


Kiegeani, Mafia
30 Julai 2025

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika jana na boti ya Nyamisati. Sisi wazima, goti linauma asubuhi tu. Shemeji yako anakusalimu na anasema uache hasira, umri wako hauiruhusu.

Nakueleza kama ilivyokuwa. Vile vidau vya faiba vya klabu, watu hapa wameviita vibeseni. Siku ya kwanza walikuja kucheka. "Zuena, usisahau sabuni!" Jumapili hakuna aliyecheka. Walianza saa saba mchana, bamvua, maji yanajaa kwa nguvu. Kulifuata boya la pili ni kwenda kinyume cha mkondo. Wenzake wote wakashika katikati ya ghuba, ndiko kwenye upepo mzuri, na mkondo ukawakamata. Kidau kinakwenda, lakini ukitazama ufukweni mti ni ule ule.

Zuena akachepuka. Akaenda kupita juu ya mashamba ya mwani, pale anapofanya kazi na wenzake maji yakipwa. Anajua kila kigingi. Anajua maji pale hayana kasi. Akapandisha ule ubao wa chini unaozama majini, kidau kikateleza juu ya kamba za mwani bila kugusa hata moja. Kisha akapotea nyuma ya ncha ya mikoko, liliko boya, kamati isimwone tena. Alipotokea upande wa pili alikuwa amewaacha mbali mno. Wanawake wakapiga kelele, "Kibeseni kimepaa!"

Basi hapo ndipo maneno yakaanza. Hafidhi akasema haiwezekani, huyu hakufika kwenye boya. Aliyekaa pale ni mtu wa hapa hapa. Akaulizwa, akasema hakuona vizuri, jua lilikuwa machoni. Kamati ikasema kama hakuna aliyeona basi hakuzunguka. Imekwisha hivyo.

Kaka, wewe huko ni mtu wa saa, neno lako lina uzito. Huwezi kumwambia katibu wa klabu yenu amwingize Zuena kimya kimya? Mtoto mmoja zaidi hatamdhuru mtu. Na Desemba tunakungoja kama ulivyoahidi, uje moja kwa moja, upumzike kwenu.

Mdogo wako,
Maliki


Mwanza
7 Agosti 2025

Maliki,

Namshukuru Mungu kwa goti lako. Salamu za shemeji nimezipokea, ushauri wake nimeurudisha.

Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi, nikamwona mtoto akiteleza juu ya mwani; nikasikia hata harufu yake. Unajua huku maji hayapwi wala hayajai? Miaka yote hii nimeishi kando ya maji ambayo asubuhi na jioni yako pale pale. Hakuna mtu hapa ambaye ningeweza kumweleza kwa nini alichofanya Zuena ni akili na si bahati.

Mara ya nne nikakasirika kuliko mwanzo.

Jua machoni! Mlinzi hukaa na nanga mahali anapoliona boya. Akiona jua linamsumbua, anahamia upande wa pili. Ni kazi ya kuvuta kamba, haihitaji shule. Na kidau chenyewe kilipita mbali naye kiasi gani? Hatua ishirini? Mtu aliyezaliwa Mafia akashindwa kuliona tanga hatua ishirini mbele yake, mchana, bahari haina kitu kingine? Huyo ama ni kipofu ama ni mwongo, na vipofu hawapewi ulinzi wa boya.

Kuhusu kumwingiza kimya kimya: hapana, na nashangaa umeniomba. Akiingia kwa mlango huo, atakuwa kweli amekata njia. Mimi nimeandika majina ya watoto wa wakubwa wakiwa wa mwisho, baba zao wamesimama nyuma ya kiti changu. Sitaanza upendeleo na damu yangu.

Zuena hahitaji huruma ya katibu. Anahitaji mtu mmoja aseme, "Nilimwona." Nimezungumza na katibu, jina na namba yake nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Anasema mlinzi akimwambia yeye mwenyewe, hata kwa simu, atakubali. Mlango uko wazi mpaka Alhamisi tarehe 4 Septemba.

Umemtaja Hafidhi kwa jina, lakini mlinzi hukumtaja. Niandikie jina la huyo mlinzi. Nitamwandikia mimi, kwa adabu.

Kaka yako,
Sabiti


Kiegeani
18 Agosti 2025

Kaka Sabiti,

Shikamoo. Hatujambo. Barua nimekaa nayo siku nne.

Ni mimi.

Mimi ndiye niliyekaa kwenye boya, ndani ya ngalawa yangu. Nilimwona, kaka. Alizunguka, tena karibu mpaka mkono wake ungeweza kuligusa. Akanipungia. Nikamwambia, "Haya, nenda, usitazame nyuma!"

Walinipa karatasi na kalamu niweke alama kila anayepita. Mimi na kalamu baharini wapi na wapi. Mikono ina maji, karatasi inaruka. Nikaweka kichwani, nikasema nitaandika nikifika pwani, kama tunavyohesabu samaki. Nilipofika, kabla sijashika kalamu, Hafidhi akaja kunisaidia kuivuta ngalawa. Tunavuta, ananiambia:

"Mkwe, yule binti yenu kapita wapi?"

Nikacheka. Nikasema, "Kapita majini."

"Mimi nasema hakufika kwenye boya. Nimekwisha kuiambia kamati. Sasa wewe ukisema umemwona, mimi nitakuwa nani mbele ya watu? Mwongo? Na wiki ijayo nakaa na wewe kupanga harusi?"

Unajua Sufiani wangu alivyohangaika. Posa mbili zimerudishwa, watu wakaanza kumsema. Hafidhi ndiye aliyemkubalia, kamtoa binti yake Umi bila masharti. Harusi ni Ijumaa tarehe 29, Mfungo Sita. Kamati ikaniita pale pale, Hafidhi kasimama pembeni anakung'uta mchanga miguuni, wala hanitazami. Nikaona muhali. Nikasema jua lilikuwa machoni. Sikusema hakuzunguka, kaka. Nilisema sikuona vizuri tu.

Zuena alisimama pale, nguo zinachuruzika. Akaniuliza mbele ya watu, "Mjomba, nilimpungia nani?" Nikainama nikakunja kamba ya ngalawa. Tangu siku hiyo ananitilia chakula, anafunika kawa, anaondoka. Hagombi. Angegomba ningepumzika.

Sasa umejua. Usimwandikie mtu mwingine. Na wewe uliyekaa mbali usinihukumu kama mtu wa mbali. Hapa tunazikana.

Mdogo wako,
Maliki


Mwanza
25 Agosti 2025

Maliki,

Salamu kwa shemeji. Afya yako sitaiuliza, umeniambia ya kutosha.

Unasema hukusema hakuzunguka. Ndugu yangu, ulipewa kazi moja mchana ule. Hukuwekwa pale kuvua. Uliwekwa pale uone. Mlinzi akisema sikuona, amemfuta mtu kwa mikono yake mwenyewe, kisha anajidai mikono yake ni safi.

Na kwa nani? Kwa mtoto wa dada yetu Time, aliyekuachia wewe hapo nyumbani kwako kwa sababu mimi nilikuwa mbali. Hilo la umbali wangu ni kweli, nalibeba. Lakini mtoto huyo hana baba wa kusimama ufukweni akikung'uta mchanga. Hafidhi alikuwa na mtoto mashindanoni na akamsemea, kwa haki au bila haki. Zuena alikuwa na mjomba mwenye macho mazima, na mjomba akaona muhali.

Nimelifikiria neno hili usiku na mchana. Tulifundishwa kwamba muhali ni uungwana: huwezi kumkatalia mgeni, huwezi kumuumbua jirani. Mbona sikuwahi kuona mtu akimwonea muhali mnyonge? Siku zote huonewa yule mwenye cha kukunyima.

Barua hii haitafika kabla ya harusi. Sufiani atakuwa na mkewe, na hakuna atakayewatenganisha kwa ajili ya kidau. Kwa hiyo hofu yako itakuwa imekwisha, na utakuwa na siku tatu nzima mpaka Alhamisi. Mpigie katibu. Sema, "Mimi ni Maliki, nilikaa kwenye boya la pili, nilimwona." Hutaulizwa kwa nini ulichelewa, nimemwomba asikuulize. Zuena anaweza kupanda basi siku hiyo hiyo. Nimemwazimia kidau.

Nakusihi, si kama kaka mkubwa. Nakusihi kama mtu anayetaka kukuheshimu.

Sabiti


Mwanza
Jumanne, 9 Septemba 2025

Ndugu yangu Maliki,

Nakutakia heri ya harusi. Nasikia ilifana, na kwamba ulicheza mpaka ukasahau goti.

Nimesikia kwa Iddi. Alhamisi nilikaa ofisini kwa katibu tangu saa mbili asubuhi mpaka wakafunga. Kila simu ilipolia, katibu alinitazama kabla ya kuipokea, kisha akaacha kunitazama. Jumamosi mashindano yakaanza. Iddi alikuwa wa kumi na moja kati ya ishirini na watatu. Nimeuandika muda wake sawasawa, hadi sekunde. Si mbaharia mbaya.

Jumapili baada ya zawadi alikuja kwenye meza yangu.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye ndugu yake mzee Maliki?"

"Marahaba. Ndimi. Keti. Nikuulize kitu, ukitaka usijibu. Zuena alilizunguka boya?"

Hakufikiri hata kidogo. "Alizunguka. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa mbali, namwona. Alimpungia mjomba wake."

"Ukanyamaza."

"Nilimwambia baba jioni ile ile. Akaniambia, 'Aliyepewa kazi ya kuona si wewe.' Nikasema basi, mzee Maliki atasema. Nikangoja. Nikangoja mpaka harusi. Nikasema labda sasa atasema."

"Ukapanda basi ukaja."

"Nikapanda," akasema, na akatazama viatu vyake.

Nilimkasirikia, Maliki, na nilimwambia hivyo. Sikuinua sauti lakini nilitumia maneno ya darasani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba karatasi kwenye daftari langu. Aliandika nusu ukurasa, akaweka sahihi, akampelekea katibu mwenyewe, mbele ya watu waliokuwa wakinywa soda na kumpongeza. Jana katibu ameituma kwa kamati yenu. Jina la Zuena litarudishwa mahali pake. Mashindano ya ziwa yamekwisha, hayo hayarudishwi.

Mtu aliyefaidika na uongo ule ameweza kuuvunja, huku akijua anarudi kula nyumbani kwa baba yake. Wewe ulikuwa na siku tatu, namba ya simu, na harusi iliyokwisha kufungwa. Hukuwa tena na cha kupoteza, na bado hukusema. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba harusi haikuwa sababu. Mmezoea. Hafidhi alijua, mwanawe alijua, wewe ulijua, na nadhani nusu ya Kiegeani ilijua, na kila jioni mlikaa baraza moja mkiulizana habari za samaki.

Nilikuwa nimeanza kufunga vitabu. Nilitaka kumalizia uzee kwenye maji yanayopwa na kujaa, kusikia lugha yangu bila kueleza maneno. Bado natamani hivyo, sitakudanganya. Lakini najijua. Nilizaliwa na muhali kama wewe, na umenitoka polepole kwa kuishi kati ya watu wasio na cha kuninyima. Nikikaa kwenye baraza hilo mwaka mmoja, utanirudia. Siku moja mtoto wa mtu ataniuliza nilichokiona, nami nitalisingizia jua.

Nimemwandikia Zuena mwenyewe, barua yake peke yake. Nimemwambia mwakani, mwezi wa tisa, nyumba yangu ni yake na kidau kipo. Usimzuie, na usimsindikize kwa maneno mazuri. Ukitaka kumwambia kitu, mjibu lile swali alilokuuliza ufukweni.

Sikukati undugu. Niandikie, nitakujibu. Ukiugua nijulishe. Lakini usinitengenezee mahali Desemba wala mwezi mwingine wowote. Mimi sitarudi Mafia.

Kaka yako,
Sabiti