Dhambi Zangu Hazijazi Dakika Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Tumebaki saba darasa la ubatizo. Mchungaji anasema Jumapili, kabla ya kuingia majini, kila mmoja ataeleza alikuwa nani na sasa ni nani. Dakika tatu. Mimi nilikuwa nani? Monita wa darasa. Basi!

Jumanne, 4 Machi
Fundi magari, tunayebatizwa naye, amelala rumande mara nne. Atawaliza watu. Namwonea wivu, Mungu anisamehe.
Nimemwomba Kaka anikumbushe dhambi zangu. Akafikiri weee! Akakumbuka nililamba maziwa ya unga, kisha nikaenda kujishtaki mwenyewe. "Dogo, wewe hata shetani hajakusajili."

Alhamisi, 6 Machi
Nimeandika! "Nilikuwa mlevi wa kupindukia, nikipigana vilabuni." Imetoka vizuri mno. Nimeisoma mbele ya kioo mpaka nikatokwa na machozi. Ipo chini ya godoro.

Ijumaa, 7 Machi
Mama ameanika magodoro leo!
Nimemkuta amekaa juu ya ndoo, karatasi mkononi. Akaninusa mdomo. Akaninusa tena. Nikasema ni uongo, Mama, sijawahi hata kuonja. Akauliza uongo huo nilikuwa naupeleka wapi. Nikasema kanisani. Hapo ndipo alipolia. Eti bora ningekuwa mlevi kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Mama kanipeleka kwa Mchungaji. Naye kasoma ile karatasi, akakohoa muda mrefu — nadhani alikuwa anacheka. Kisha akaichana. Nikamwambia sina kingine, mimi si mtu wa maana yoyote. Akasema basi niende na hilohilo, Mungu hajaomba zaidi. Nikauliza, sasa hilo niliandikeje? Akasema nisiandike. Nisimame mikono mitupu.
Mimi! Ninayeandika hata ratiba ya kufua soksi!

Jumapili, 9 Machi
Nipo nyuma ya pazia na joho jeupe. Sijaingia majini na tayari nimelowa jasho. Fundi magari yuko kwenye kipaza sauti. Wanalia, kama nilivyojua. Anayefuata ni mimi.
Bwana, nilitaka kukuletea mtu wa kusimuliwa. Huyo sinaye. Ninaye huyu tu, aliyekutungia uongo ili apigiwe makofi. Kama unamtaka, mchukue. Mimi nimeshindwa kumtengeneza.
Wameniita. Mama amenyoosha mkono: lete kalamu, mwanangu. Sentensi ya kwanza sinayo. Naenda hivyohivyo —