Ukurasa wa Tisa wa Muhtasari Wangu

Makazi ya wakimbizi, Adjumani
Alhamisi

Mwana wa mama, Jokudu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Je, miguu imepungua kuvimba? Na wajukuu hapo Juba, wanakula vizuri? Mimi bado nasimama darasani, ingawa macho yananidai miwani mipya.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne, sitini na mmoja, wanafanya mtihani wa fasihi ya Kiingereza Jumatatu. Riwaya waliyopangiwa, ile ya familia inayohamia migodini, hatujawahi kuwa na nakala yake hapa. Niliisoma chuoni miaka arobaini iliyopita, nikaipenda mno, kwa hiyo niliwaandikia muhtasari kwa kumbukumbu: dhamira, wahusika, tamathali za usemi, kurasa kumi na nne. Wanaukariri hata kwenye foleni ya maji.

Jumanne tulirudia ukurasa wa tisa, pale kaka anapomvusha mdogo wake mtoni, maji yanajaa, anamwachia mkono. Niliuliza mto unaashiria nini. Lomoro akasema mauti. Kiden, binti mwenye ulimi mkali kuliko wote, akasema ishara hazimwingii kichwani: "Mwalimu, huyo kaka ni mwoga tu! Ningekuwa mama yake, ningemnyima chakula, hata asida, mpaka azeeke." Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, nikaandika ubaoni: woga. Nikawaambia swali hilo lazima litoke.

Jana akaja mwalimu mpya, Eyotaru, Mmadi wa hapa Adjumani, bado kijana, na kitabu chenyewe mkobani. Nilikipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Jokudu, hakuna mto. Ndugu wale wanavuka daraja, wanagombania kofia, wanafika, wanakula viazi. Nimekisoma chote usiku kucha, na sura hiyo mara mbili. Hakuna anayeachiwa mkono.

Eyotaru aliniambia kwa upole kwamba watu sitini na mmoja wakiandika tukio moja lisilokuwemo, msahihishaji atadhani wameibiana majibu, na matokeo ya wote yatazuiwa. Kwa hiyo leo asubuhi niliwaambia waufute ukurasa wa tisa. Wakalalamika, "Mzee, unatuua! Zimebaki siku nne!" Kisha Kiden akasimama, safari hii bila mzaha. Akasema hafuti neno. Kama hilo ni la uongo, kurasa nyingine ataziaminije? Na kama halimo kitabuni, nimelitoa wapi, mbona najua hata kifungo kilichokosekana kwenye shati la yule mtoto? Wenzake wote wakaweka kalamu chini. Nimewaahidi jibu kesho.

Lakini siwezi kuwapa wao kabla yako. Tulipokimbia mara ya kwanza, wewe ulitangulia na bibi. Mama alibeba mizigo, na mdogo wetu Pitia akawekwa mkononi mwangu. Nilikuambia alikufa kwa homa, tukamzika njiani. Hatukumzika. Mtoni maji yalinifika kifuani, naye kwa hofu akanikamata, akawa ananivuta chini, nikafungua vidole. Hakuteleza, Jokudu. Nilifungua. Mama aliniona kutoka ng'ambo. Akaniamuru niseme homa, na hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini.

Naapa, nilipoandika muhtasari ule niliamini kabisa kwamba nimelisoma mahali.

Kesho nitawaambia, maana nikiongeza uongo mwingine watazitupa hata zile kurasa za kweli, na watafeli kwa sababu yangu. Dereva wa mchungaji anaondoka alfajiri kuja Juba. Nataka barua hii iwe imetoka mikononi mwangu kabla sijaingia darasani.

Sikuombi unisamehe upesi. Ukitaka kuacha kuniita kaka, sitakulaumu. Ila Jumapili mtaje Pitia kanisani kwa jina lake, na wakikuuliza alikufaje, usiseme homa.

Wasalimie watoto wote, na shemeji pia.

Ni mimi niliyekuwa naye,
Eluzai Wani