Mikate Kumi na Miwili Sakafuni

Jumanne, 4 Novemba

Siku ya kwanza kazini, ulinzi kwenye jumba la maonyesho. Nimepewa kiti! Miaka thelathini na mmoja nimesimama mbele ya tanuri, mpaka unga ukanijaa mapafuni na daktari akasema basi, Khemais, uokaji umekushinda. Leo nimekaa. Alhamdulillahi kwa kiti, kwa dirisha la uani, na kwa daftari hili la kupitishia saa.

Maonyesho yanaitwa "Upole". Chumba cha kwanza kuna filamu ya mzee akimchana nywele mkewe mgonjwa. Basi, ni hilo tu. Nimeitazama mara tatu na sikuchoka.

Chumba changu ni cha pili. Nafungua mlango – mikate! Kumi na miwili, chini, sakafu tupu! Sikufikiri. Nikaokota mmoja mmoja, nikabusu, nikagusisha kwenye paji la uso, nikapanga juu dirishani, kama mama alivyonifunza. Mkate haulazwi chini.

Kumbe ndiyo sanaa yenyewe. Binti aliyeitengeneza, Emna, kaja mbio. Hakugomba. Kaangalia dirisha, katabasamu kidogo, kairudisha chini mmoja mmoja. Nimemwambia mkono wangu hauwezi kumsaidia kazi hiyo. Kasema anajua. Anajua! Basi kwa nini anafanya? Vijana wa siku hizi.

Mke wangu Beya kacheka mpaka machozi. Eti miaka yote nimechoma mikate, sasa nimewekwa kuilinda.

Jumatano, 5 Novemba

Meneja, Bwana Naseri, kabandika karatasi mlangoni: USIGUSE. Kaniambia kazi yangu ni moja – mikate ikae chini. Jumamosi wanakuja wageni kuchagua kazi moja ya kupelekwa kuonyeshwa ng'ambo, na wanataka kuikuta kama walivyoiona pichani. Siku hiyo mkate ukipanda dirishani, nikatafute kiti kingine.

Nimejaribu, wallahi. Lakini watu! Kaja mwanamke na kapu lake la sokoni, kasoma karatasi, kaokota. Bwana mmoja mwenye tai kachungulia kushoto na kulia, kabusu haraka kama mwizi. Kisha wasichana wawili wa chuo, vicheko tupu, mara mmoja kanyamaza na kuinama. Nikamwambia dada, hairuhusiwi. Kaniuliza:

"Ami, wewe mwenyewe unaweza kuupita?"

Nikakohoa. Nikageukia ukuta. Adhuhuri sakafuni hapakuwa na hata mmoja. Jioni Emna kaitia yote mfukoni kwa ajili ya jirani mwenye mbuzi. Afadhali hilo.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo nimemuuliza waziwazi, mkate umekukosea nini?

Kaniletea chai, kakaa chini karibu na kiti changu. Mama yake, Bi Saluha, alikuwa mwalimu wa hesabu. Sasa kasahau vyote. Tangu Ramadhani hajui jina la Emna, humwita dada. Kijiko akipewa hukigeuzageuza tu. Lakini siku moja kipande cha mkate kilianguka sakafuni kutoka mezani. Mama akainama, akakibusu, akakiweka juu ya friji.

"Kila kitu kimemtoka, Ami. Hicho tu ndicho kilichobaki."

Kwa hiyo mikate iko chini ili iokotwe! Nikamuuliza kwa nini asiandike hivyo ukutani. Kasema watu wakielezwa watainama kwa kuwa wameambiwa. Ile karatasi si yake, ni ya Bwana Naseri, na Emna hajapata ujasiri wa kubishana na meneja. Haya ni maonyesho yake ya kwanza.

Jumamosi atamleta mama. Ana hofu. Miezi miwili sasa hajathubutu kuangusha mkate nyumbani, asije akaona mama anaupita. Kisha kalia kidogo, kanywa chai yangu badala ya yake.

Siku mbili nimemlaumu binti wa watu moyoni. Nimeona haya. Lakini nashukuru nimeuliza, na nashukuru Mungu alinikalisha chumba hiki na si kingine. Nimemwambia Jumamosi kikohozi kitanibana sana na macho yangu hayataona kitu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mikate saba ilipanda kabla ya swala. Sikuona hata mmoja. Uzee nao una neema zake! Kuskusi ya Beya leo ya samaki. Nimekula sahani mbili, na Bi Saluha nimemwombea.

Jumamosi, 8 Novemba

Saa nne. Wageni wawili wameshafika. Bwana Naseri kavaa suti, kasimama mlangoni, ananitazama mimi kuliko mikate. Yote iko chini.

Saa nne u nusu. Emna kaingia na mama. Mwanamke mwembamba, koti la kijani, vifungo vimekwenda upande. Anatembea taratibu.

Kaupita wa kwanza.

Kaupita wa pili. Emna kaniangalia.

Wa tatu kaupita pia, nusura aukanyage. Ya Rabi, huyu mtoto usimvunje moyo.

Kasimama. Karudi hatua moja. Anatazama chini. Anainama – mkono kwenye goti, polepole – kauokota! Kaubusu. Kaugusisha kwenye paji la uso. Emna kaziba mdomo kwa viganja viwili. Mimi naandika na sioni vizuri, na safari hii si uongo.

Anatafuta mahali pa juu. Dirisha liko mbali. Anakuja kwangu. Kanitazama nikikohoa, kaumega mkate – sanaa ya watu! – kanipa nusu.

"Kula, mwanangu. Umekonda."

Nina miaka sitini na mitatu. Hakuna aliyeniita hivyo tangu mama afe.

Bwana Naseri anakuja, anatikisa kichwa, hapana, hapana. Wageni nyuma yake. Bi Saluha hajaondoka, anangoja anione natafuna. Kalamu mkono huu, mkate mkono huu. Bismillahi –