Kikao cha Dharura Kuhusu Neno "Leave" Lililomfungia Bi Pindo Geti

CHAMA CHA WAFANYAKAZI WA KIWANDA CHA KUFULIA MASHUKA

Tarehe: Jumanne, 9 Juni
Mahali: Chumba cha kupigia pasi
Waliohudhuria: Mwenyekiti (mpiga pasi), Katibu (mashine ya kukaushia), Karani wa ofisi, Mlinzi wa getini, Mzee Povu (mfuaji), Bi Pindo (mkunjaji), na wanachama wengine ishirini na wawili
Asiyehudhuria kwa ruhusa: Fundi wa boila

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa mbili kamili asubuhi, mashine zikiwa zimezimwa. Karani aliuliza kama Bi Pindo ana haki ya kukaa ndani, maana kwa karatasi za ofisi si mfanyakazi tena. Mwenyekiti alijibu kwamba hilo ndilo lililowakutanisha, na kwamba karatasi hizo alizichapa Karani mwenyewe. Karani alisema yeye huchapa anachoambiwa. Mzee Povu alisema, "Ndiyo maana vidole vyako havina haya." Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yafutwe. Katibu ameyaacha.

KUMB. NA. 2/6: MAELEZO YA BI PINDO

Bi Pindo alieleza kwamba amekunja mashuka hapa miaka kumi na mmoja. Mwezi uliopita mdogo wake alipasuliwa tumbo na hakuwa na mtu wa kumwuguza. Kwa kuwa Meneja mpya alibandika tangazo kwamba barua zote ziandikwe kwa Kiingereza, alikaa na kamusi ya mwanawe jioni nzima, akaandika: "I leave work Monday because sister operation," akikusudia kusema ataondoka kazini Jumatatu kwa sababu ya upasuaji wa mdogo wake. Aliporudi siku ya nane alikuta geti limefungwa kwake na barua inayosema ofisi imekubali kuacha kwake kazi.

Alisema, "Niliomba ruhusa ya siku saba. Wamenipa ya maisha."

KUMB. NA. 3/6: MAANA YA NENO

Karani alisema ameangalia kamusi ya ofisi, na "leave work" ni kuacha kazi. Mwenyekiti alitaka kamusi iletwe na isomwe yote, si mstari ule tu. Ililetwa. Karani alisoma kwamba neno hilo ni kuondoka mahali, kuacha kazi au shule, kusahau kitu mahali, kubakiza, kumwachia mtu jambo alishughulikie, kumwachia mtu urithi, na mwisho kabisa, ruhusa au likizo. Sauti yake ilizidi kupungua kadiri alivyosoma, akaombwa mara mbili apaze.

Mzee Povu alisema haoni ugumu. "Hata sisi tunasema, nimemwacha mtoto nyumbani. Kuna aliyewahi kuja kunipa pole kwamba nimemtupa?" Wajumbe walicheka. Karani hakucheka. Alisema maana hutegemea maneno yanayofuata, na hapa limefuata neno "work", hivyo ofisi haikukosea.

KUMB. NA. 4/6: DAFTARI LA GETINI

Mlinzi, ambaye kwa kawaida hasemi vikaoni, aliomba nafasi. Alifungua daftari la getini na kuonyesha safu ya mwisho, iliyochapwa juu yake "Time you leave work", yaani saa ya kutoka kazini. Alisema kila mtu hutia saini hapo kila jioni, na Meneja hutia saini hapo kwa kalamu ya kijani. "Kama maneno haya ni kuacha kazi, basi bosi ameacha kazi jana saa kumi na moja na robo. Leo asubuhi nimemfungulia mtu baki."

Palitokea kelele kwa dakika kadhaa. Karani alilitazama daftari kwa muda, kisha akafunga kamusi.

Iliazimiwa kwa sauti moja kwamba mashine zisiwashwe mpaka Bi Pindo arudishiwe kazi yake.

KUMB. NA. 5/6: KUFIKA KWA MENEJA

Saa tatu na nusu Meneja aliingia bila kualikwa, akasema gari la mashuka linasubiri na kila mtu arudi kazini. Hakuna aliyesogea. Mwenyekiti alimwonyesha daftari. Meneja alisema saini yake ni jambo tofauti, kila mtu anajua kwamba kesho yake atarudi.

Bi Pindo alisimama, akasema, "Na mimi nani hakujua nitarudi? Viatu vyangu vya kazini viko chini ya meza. Anayeacha kazi haachi viatu."

Meneja alisema basi, kwa huruma, atamchukua kama mfanyakazi mpya, kwa majaribio ya miezi mitatu. Bi Pindo alijibu, "Huruma yako kaa nayo, baba. Mimi sianzi upya kwa sababu wewe umesoma vibaya. Miaka kumi na mmoja nimeikunja hapa, na leo nataka niione imeandikwa."

Meneja alitoka, akarudi na barua fupi ya Kiingereza ya kufuta ile ya kwanza. Mwenyekiti alikataa kuipokea. Alisema chama hakitapokea tena karatasi ambayo mwenye kuandikiwa haielewi. Meneja alisema hana mtu wa kuiandika kwa Kiswahili.

Karani alisema, "Yupo." Aliandika kwa mkono, hapo hapo juu ya meza ya pasi, bila kuambiwa cha kuandika. Meneja aliisoma, kwamba Bi Pindo alifungiwa geti kimakosa na miaka yake kumi na mmoja inaendelea, akataka neno "kimakosa" liondolewe. Karani alisema kalamu yake haina kifutio. Meneja alitia saini.

KUMB. NA. 6/6: KUFUNGA KIKAO

Bi Pindo aliisoma barua yote kwa sauti, polepole, pamoja na tarehe. Hakuna aliyepiga makofi mpaka alipomaliza. Mwenyekiti alifunga kikao saa nne na dakika ishirini. Wajumbe waliitwa kutia saini ya mahudhurio. Bi Pindo hakupatikana, ikaonekana yuko upande wa pili wa chumba, ameshashika ncha mbili za shuka, anauliza nani atamshikia zile nyingine. Karani alikwenda.

Saini: ........................ Mwenyekiti
Saini: ........................ Katibu