Mkanda Unaoruka Meno

Jumatatu, 8 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi niko mtoni kama kawaida. Petroli, oili, betri. Injini ya pampu imewaka mara ya pili. Nimepiga maji dakika arobaini, safu tatu za kwanza zimeshiba, halafu injini ikaanza kukohoa. Ikapiga mshindo kwenye kabureta, ikazima. Nimekagua alama za gia. Gia ya juu na gia ya chini hazielewani. Mkanda wa taiming, unaozizungusha pamoja, umeruka meno mawili.

Nimerudisha alama mahali pake, nimekaza mkanda, nimewasha. Sawa. Nimechelewa chai tu.

Majani ya michungwa yameanza kuungua pembeni. Ni kiu. Kesho nitapiga maji saa mbili mfululizo.

Jumanne, 9 Septemba

Dakika ishirini na tano. Meno matatu.

Bahati yangu moja: injini ni ya zamani, mkanda ukiruka pistoni hazigongani na valvu. Ingekuwa ya kisasa ningekuwa nimeizika.

Niandike jinsi ilivyo, labda nitafikiri vizuri. Ni injini ya gari dogo lililopinduka barabara ya Mombasa. Niliitoa mwenyewe Malili nilipokuwa fundi pale. Nikaiweka kwenye fremu ya vyuma, nikaifunga na pampu kubwa inayovuta maji kutoka kisima changu cha mchangani, katikati ya mto uliokauka. Kisima nimekichimba tena mwezi jana, chini zaidi, maji yaliposhuka. Rediata nilitoa. Badala yake kuna mpira mwembamba unaochukua maji hayo hayo na kuyapitisha ndani ya injini, yanaingia baridi, yanatoka moto. Hakuna kuchemsha, hata saa saba mchana. Mafundi wa Kathonzweni walikuja kuitazama, mmoja akapiga picha.

Kwa hivyo kupoa si shida. Mkanda umezeeka, basi.

Alhamisi, 11 Septemba

Jana nilikwenda mji wa Wote kutafuta mkanda. Leo nimeufunga. Dakika hamsini bila kukohoa. Nimeimba nyimbo za kanisa peke yangu mtoni kama mwendawazimu.

Mke wangu Wambui ameniletea uji huko huko. Amesema tena kwamba maji ya kisima siku hizi yanaharibu chai, na sabuni haitoi povu. Nimemjibu vibaya. Nimemwambia hapa si Malili kwa mama yake, kwenye mfereji. Watu wake ni wa Murang'a, waliuza nguo kando ya barabara, hakuwahi kuchota maji mchangani kabla sijamleta huku. Mimi nimekulia upande wa Mutomo. Tulikunywa tulichopata na tukakua.

Amechukua kikombe akaondoka. Nafikiri nilikuwa na haki.

Ijumaa, 12 Septemba

Mkanda mpya umeruka. Siku moja tu. Ukingo wake mmoja umechanika nyuzi kama kamba ya punda.

Nimetupa spana mchangani kwa hasira, kisha nimeitafuta nusu saa nikipiga magoti. Hivyo ndivyo nilivyo.

Majani yanaanguka sasa. Na matunda. Ndiyo kwanza mwaka huu michungwa imetoa maua, vitunda vimefika ukubwa wa mbaazi, na asubuhi vimejaa chini. Mia na ishirini nilipanda. Miaka mitatu. Niliacha kazi kwa ajili ya hiyo miti. Nilimhamisha mke kutoka mjini kwa ajili ya hiyo miti, nikamwambia mbele ya kaka zake kwamba sitamrudisha kwao mikono mitupu. Ikifa sina neno la kumwambia. Mvua ni Novemba, ikiamua kuja.

Jumapili, 14 Septemba

Sikuenda kanisani. Wambui ameenda peke yake na ameulizwa niko wapi. Amesema naumwa. Si uongo sana.

Nimebadilisha beringi inayokaza mkanda. Nimepima kwa uzi kama gia zimenyooka. Zimenyooka. Nimekaza mkanda mpaka ukalia kama mbu. Dakika kumi na tano.

Nimefungua, nimefunga. Nimefungua, nimefunga. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi hii, watu waliniletea magari yaliyoshinda mafundi wengine. Na sasa mkanda, kitu mwanafunzi anafunga wiki ya kwanza.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo tumebeba maji kwa punda, mimi na Wambui, tangu alfajiri mpaka jua likatukataa. Miti ishirini na mbili, ya safu ya kwanza na ya pili. Mia moja kasoro miwili imebaki. Hakuna hesabu inayokubali.

Amejaza ndoo, amemwaga, amerudi mtoni. Angenilaumu ningepumua.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema.

Jumatano, 17 Septemba

Nimempigia Mutiso, tulifanya kazi pamoja gereji ya Malili. Aibu, lakini nimepiga. Amesikiliza yote bila kunikata, halafu: "Bro, hiyo belti haina makosa. Iko kitu inaisumbua. Zungusha kila kitu na mkono, moja moja."

Nilikata simu nikiwa nimekasirika, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwambia yeye alipokuwa mwanafunzi wangu.

Nimevua mkanda. Nimezungusha kila kitu kwa mkono. Gia ya juu, safi. Beringi ya kukaza, safi. Kisha pampu ndogo ya injini yenyewe, ile inayosukuma maji ya kupoza ndani. Inazungushwa na mkanda huo huo. Sikuishuku kwa sababu niliifunga mpya mwaka jana, na kitu kipya huwa sikishuku. Inacheza kama jino la mtoto. Chini yake kuna unyevu, na mkanda umelowa ukingo ule ule uliochanika.

Nimeifungua. Mabawa yake yameliwa yakawa kama biskuti iliyolowa chai. Ndani ya injini kuna ukoko mweupe, mnene, kama wa birika la kale. Nimeukwangua kwa bisibisi na kuulamba. Chumvi.

Ni mimi. Ule mpira wangu wa kupozea, ule waliopiga picha. Nimeinywesha injini maji ya chumvi mwaka mzima nikijisifu.

Alhamisi, 18 Septemba

Malili na kurudi. Nimepata pampu ndogo kwenye injini ya mtumba, na rediata. Nimecheka njiani peke yangu, watu wakanitazama. Shida ikijulikana si shida tena. Chumvi hula chuma, nani hajui. Sasa injini itakunywa maji ya mvua kutoka kwenye tangi letu la paa, na miti itakunywa ya kisima.

Jumamosi, 20 Septemba

Asubuhi nimefunga kila kitu. Alama kwa alama. Imewaka mara ya kwanza. Nimeiacha ikinguruma bila mzigo karibu saa nzima, mkono juu ya kifuniko. Mkanda umetulia katikati ya gia, haugusi upande wowote. Haijawahi kwenda vizuri hivi tangu niitoe kwenye lile gari. Machozi yamenitoka, ndiyo.

Nikapanda shambani kutandika mpira wa maji kabla ya kufungulia. Safu ya kwanza. Nimepiga magoti kusafisha shina, na udongo umefanya duara jeupe kuzunguka mti. Nimekwangua kwa kucha. Ukoko ule ule.

Nimetembea shamba lote. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ninazojaza kila siku, zimebaki vijiti. Za katikati zimeungua nusu. Safu ya mwisho kwenye ua wa miiba, ambako maji hufika matone tu na ambayo nimekuwa nikiionea huruma, ni ya kijani. Ina matunda.

Nimeteka maji ya kisima kwa kikombe nikanywa. Sikusikia kitu, ulimi wangu wa Mutomo umezoea. Nimempelekea Wambui. Ameonja, akatema.

"Baba Mwende, si nilikuwa nakuambia."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Nimeteremka mtoni. Injini ilikuwa bado inanguruma, tamu, haina hata mtikisiko. Nimeizima mwenyewe.

Jumapili, 21 Septemba

Maji ya tangi la paa hayafiki nusu. Yamebaki ya kunywa sisi na punda, na kidogo ya ziada. Hayawezi kuokoa miti mia na ishirini. Nilitaka kuchagua lakini kwa kila mti nilikuwa na sababu yake, huu nilipanda siku fulani, huu ulipona mchwa. Wambui akachana leso kuukuu akaenda mbele yangu. Mti anaoona utaishi mpaka mvua, anaufunga kitambaa. Mwingine anaupita. Haraka, bila kunitazama.

Safu ya mwisho yote, miti kumi na miwili. Na kumi na mmoja hapa na pale. Safu ya kwanza haina kitambaa hata kimoja.

Jua lilikuwa bado halijapanda. Nimechukua ndoo ya maji ya tangi nikaanzia kwenye ua.